Watakaokataa Kufutwa Machozi: Shairi Moja la Vahan Tekeyan

Vahan Tekeyan alizaliwa Constantinople mwaka 1878, akafa Cairo mwaka 1945. Alikuwa Muarmenia, wa taifa ambalo kwa mapokeo yake lilipokea Ukristo mwaka 301. Ujanani alifanya kazi ya ukarani wa biashara katika miji ya Ulaya. Baadaye akakaa sana Misri, akiandika mashairi na kuhariri magazeti. Tarehe 24 Aprili 1915, serikali ya Waosmani ilipoanza kuwakamata wasomi wa Kiarmenia mjini Constantinople, yeye hakuwako. Akapona. Washairi wenzake Daniel Varoujan, Siamanto na Ruben Sevak waliuawa mwaka uleule.

Shairi lake ninalotaka tulitazame huitwa, kwa lugha yetu, "Tutamwambia Mungu." Nimelisoma katika tafsiri ya Kiingereza, hivyo juu ya vina vyake, ambavyo wajuao Kiarmenia huvisifu, ninyamaze. Maudhui yake ni haya: ikiwa tutashindwa sote, hata Muarmenia wa mwisho afumbe macho, basi na tuape kwamba Mungu akitupokea peponi na kutaka kutufariji, tutakataa. Tutamwomba aturudishe motoni, kwa kuwa tumeshaujua. Pepo yake awawekee Waturuki.

Wapendwa, ni maneno mazito. Mara ya kwanza nilikifunga kitabu. Lakini nilikumbuka mazishi fulani, miaka yangu ya mwanzo ya uchungaji, mtoto mdogo. Nilisoma Ufunuo 21, habari za Mungu kufuta kila chozi. Mama yake akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Mchungaji, haya yangu aniachie." Nikamkemea kwa upole, nikidhani ninailinda imani yake.

Tekeyan amesema jambo lilelile la mama yule. Faraja inayokuja kana kwamba ni malipo ya waliokufa, mfiwa huiona kuwa tusi. Na uzuri wa shairi ni kwamba halina kelele. Halihesabu maiti. Linapanga tu kiapo, tena kwa "sisi", kama liturujia, na ukali wote limeuweka mwishoni.

Mwisho huo ndio ninaougombea. Kejeli ile inawaweka Waturuki wote katika fungu moja, na wako miongoni mwao waliowaficha Waarmenia majumbani mwao. Hasira ya haki imevuka mpaka hapo, nami sitaki kuitetea.

Je, ni kufuru? Mkufuru humwacha Mungu na kwenda zake. Hawa wanafika mpaka mbele yake, wanasema naye uso kwa uso. Zaburi ya 44 inamlaumu Bwana kwamba amelala huku watu wake wakichinjwa, wala hatujaitoa katika Biblia. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila hata mstari mmoja wa sifa. Tekeyan amepita hapo kwa hatua moja: mtunga zaburi angali anaomba, yeye ameshakataa.

Baada ya kulisoma shairi hili nilimtembelea yule mama, ingawa miaka mingi imepita. Nilimwomba radhi, nikamsomea Zaburi ya 88. Nilipofika mwisho alingoja kidogo, kisha akauliza kama imeishia pale kweli. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Isome tena."