Ukipenda Boga, Penda na Ua Lake: Uhakiki wa Maelekezo ya Mapishi ya Familia

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Katika insha hii nitahakiki maelekezo ya mapishi, yaani yale maandishi mafupi yanayosema tia hiki, koroga kile, subiri dakika kadhaa. Najua wapo watakaosema kwamba hayo si fasihi. Huenda ni kweli. Lakini yana mwandishi, yana hadhira, yana fani na yana maudhui, na mimi yamenigusa kuliko vitabu vingi nilivyosomeshwa. Sababu yake ni boga.

Kwetu Rwanda, Ijumaa ya kwanza ya mwezi Agosti ni Umuganura, sikukuu ya mavuno. Mtama na ulezi vimekwisha kuvunwa, watoto hupewa maziwa, na familia hukusanyika kula pamoja. Nyumbani kwetu siku hiyo haipiti bila igihaza, yaani boga lililokatwa vipande pamoja na ganda lake na kupikwa na maharage. Miaka yote mpishi alikuwa bibi yangu. Mwaka jana mikono yake ilikuwa inatetemeka, akakaa nje kivulini, na chungu nikakabidhiwa mimi. Niliamini kwamba najua, kwani nimekila chakula hicho tangu nilipoota meno. Nikatia maharage, boga, maji na chumvi, vyote kwa pamoja, nikachochea moto. Baada ya saa mbili maharage yaliiva. Boga lilikuwa limegeuka uji wa rangi ya chungwa na maganda yakielea juu. Shangazi zangu walicheka sana. Bibi hakucheka. Alionja, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe sikukufundisha."

Miezi miwili baadaye, katika somo la tafsiri, mhadhiri wetu alitugawia maelekezo ya mapishi ya Kimarekani ya majira ya mapukutiko ili tuyatafsiri kwa Kiswahili. Langu lilikuwa la pai ya boga. Nilicheka peke yangu: boga lilikuwa limenifuata mpaka darasani.

Tatizo la kwanza lilikuwa jina la majira yenyewe. Niliandika "mapishi ya vuli", kwa kuwa kamusi nyingi hutoa neno hilo. Mhadhiri alilipigia mstari akaandika pembeni: "Vuli ya nani?" Alikuwa na haki. Vuli ya mwambao ni mvua fupi za mwishoni mwa mwaka. Kwetu majira hayo tunayaita umuhindo, na mkulima wakati huo ameshika jembe, anapanda. Mmarekani wakati huohuo amemaliza kuvuna, majani yanadondoka, baridi inabisha hodi, naye anajaza ghala na kuwaita jamaa zake mezani. Neno moja la kamusi limeunganisha wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Sikukuu yetu inayolingana na yao inaangukia katika kiangazi, siyo vuli. Tatizo la pili lilikuwa namna wanavyokiita chakula cha aina hii. Wengi wetu tuliandika "chakula cha faraja". Lakini kwa Mswahili faraja hupewa mfiwa, na mtu akisikia chakula cha faraja anaweza kuuliza ni nani aliyefariki. Mwishowe niliandika "chakula cha nyumbani", nikiona kwamba nyumbani ndiyo maana yenyewe.

Tukiangalia fani, jambo la wazi katika maandishi haya ni kitenzi cha kuamuru: tia, changanya, oka. Msemaji hajitaji, anatoa amri tu. Nilidhani mtindo huu umekuwapo daima, kumbe una historia. Kitabu cha Amelia Simmons, American Cookery, kilichotoka mwaka 1796 mjini Hartford, ndicho kinachohesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha upishi kilichoandikwa na Mmarekani, na ndani yake mna maelekezo ya boga yanayofanana na pai ya leo. Simmons anataja idadi ya mayai na kiasi cha maziwa, lakini tangawizi anaitaja jina tu. Anamwamini msomaji kwamba mkono wake unajua. Miaka mia moja kamili baadaye, mwaka 1896, Fannie Farmer alichapisha kitabu cha shule ya upishi ya Boston, naye akasisitiza kikombe na kijiko vilivyosawazishwa kwa kisu. Tangu hapo imani kwa mkono wa mpishi ilipungua na imani kwa kipimo ikakua. Karatasi niliyopewa darasani ni mjukuu wa Farmer: robo ya kijiko cha kungumanga, nusu ya kijiko cha tangawizi, dakika hamsini katika oveni.

Mwanzoni nilitaka kuyalaumu maandishi haya, na bado nina lawama tatu.

Ya kwanza ni kwamba yanapenda sana kusema "nyumbani" na "bibi" hata pale ambapo bibi hayupo. Mfano mzuri ni chakula cha maharage mabichi kinachookwa na supu ya uyoga ya kopo na vitunguu vya kukaanga juu yake. Wamarekani wengi hawawezi kuifikiria Sikukuu ya Shukrani bila chakula hicho. Kilibuniwa mwaka 1955 na Dorcas Reilly, mfanyakazi wa jiko la kampuni ya Campbell, ambayo ndiyo iliyouza supu hiyo. Kwa hiyo mapokeo ya familia yalianzia kiwandani. Hata hivyo sitaki kuishia hapo kwa dharau. Mtoto aliyekula chakula hicho kila Novemba pamoja na mama yake hakuila kampuni, alikula mkono wa mama yake. Lawama yangu ni kwa mwandishi anayeficha asili, siyo kwa mlaji.

Ya pili ni kwamba viungo vinatajwa kana kwamba vimeota dukani. Boga ni zao la wenyeji wa asili wa bara la Amerika, waliolilima kabla ya meli za Ulaya kufika. Baadhi ya wenyeji hao, tangu mwaka 1970, hukutana Plymouth siku ya Shukrani kwa ajili ya maombolezo. Karafuu na kungumanga asili yake ni visiwa vya Indonesia, na karafuu ilipofika Unguja na Pemba katika karne ya 19 ililimwa kwa jasho la watumwa. Robo kijiko kimebeba mambo hayo yote na karatasi haisemi neno. Lakini haki ni kujihukumu na sisi. Tunaita boga na maharage "chakula chetu cha asili", na vyote viwili vilivuka bahari kutoka kulekule Amerika. Ukipenda boga, penda na ua lake, walisema Waswahili. Mimi naongeza: ujue na shina lake.

Ya tatu ndiyo kubwa kwangu. Karatasi inasema "kwa watu wanane", kisha inanyamaza. Nani anapakuliwa kwanza? Nani anaitwa? Nani alisimama jikoni tangu alfajiri? Katika Umuganura maswali hayo ndiyo sikukuu yenyewe. Mtama usiogawanywa ni mtama tu.

Baada ya kuandika lawama hizo nilijiona mshindi. Kisha nilirudi kwa Simmons na kuona jambo nililokuwa nimelipita. Katika ukurasa wa jina la kitabu hakujitambulisha kwa cheo wala kwa mume. Alijiita yatima wa Kimarekani, na katika dibaji anawafikiria wasichana waliokosa wazazi, ambao inawabidi wajitegemee. Hapo nilielewa kwa nini mtu huandika jinsi ya kupika. Mwenye mama jikoni hahitaji kitabu. Maelekezo ya mapishi yameandikwa kwa ajili ya asiye na wa kumwuliza.

Msomaji wa Rwanda hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1994 majiko mengi yalibaki bila mama, bila bibi na bila shangazi. Watoto waliokua baada ya hapo walijifunza kupika kwa kukisia. Kabla ya hapo pia kamba ilikuwa imekwisha kukatwa mahali pengine: serikali ya kikoloni ya Kibelgiji ilipiga marufuku Umuganura mwaka 1925, na sikukuu ilirudishwa rasmi mwaka 2011. Wamarekani kwa upande wao walikuwa na mhariri wa jarida, Sarah Josepha Hale, aliyeandika kwa miaka mingi akitaka siku moja ya shukrani kwa taifa zima, hadi Rais Lincoln alipoitangaza mwaka 1863. Yao iliandikiwa, yetu ilizuiwa. Halafu leo mimi nakaa darasani na kuwacheka kwa vijiko vyao vilivyosawazishwa! Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Igihaza cha bibi yangu kilikuwa mali isiyo na daftari, na nusura kipotee mikononi mwangu mchana kweupe, mbele ya shangazi zangu.

Kwa hiyo likizo ya Desemba nilikwenda kwa bibi na kalamu. Hapo nilijifunza kwa nini kazi hii ni ngumu. Nilimwuliza maharage kiasi gani. Akanionyesha kwa viganja viwili. Nilimwuliza chumvi kiasi gani. "Ya kutosha." Ya kutosha watu wangapi? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Waliokuja," akasema.

Baadaye mama aliniambia jambo ambalo sikulijua. Chungu cha bibi ni kikubwa kupita idadi yetu, na kila mwaka chakula hubaki na kupelekwa kwa majirani. Nilidhani ni ukarimu. Ni ukarimu, lakini pia ni kipimo alichokizoea tangu nyumba ilipokuwa na watu wengi, na hajakibadilisha. Sijui Fannie Farmer angekisawazisha vipi kipimo hicho kwa kisu.

Hata hivyo niliandika, kwa sababu kunyamaza kungekuwa vibaya zaidi. Haya ndiyo niliyoyapata. Loweka vikombe viwili vya maharage makavu usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine, uchemshe maharage peke yake hadi yakaribie kuiva, kama saa moja na nusu. Chagua boga gumu lenye ganda lililokomaa, lioshe vizuri, ondoa mbegu, likate vipande vikubwa vya kiganja, wala usilimenye, kwa maana ganda ndilo linaloshika kipande kisivunjike. Panga vipande juu ya maharage, ganda likiwa chini. Tia chumvi, na kitunguu ukipenda. Funika, punguza moto, na usikoroge kabisa. Baada ya nusu saa hivi choma kwa kisu. Kikipita bila kubishana, epua. Wapakulie watoto kwanza. Mpelekee jirani kabla nyinyi hamjashiba.

Sentensi mbili za mwisho hazimo katika mtindo wa Farmer, nami nimeziweka kwa makusudi. Bibi alizisema kwa sauti ileile aliyosemea habari za ganda, kama sehemu ya mapishi. Naona ndizo zinazopungua katika maelekezo niliyoyatafsiri. Na vikombe viwili pamoja na saa moja na nusu ndivyo vinavyopungua katika maelekezo ya bibi. Kila upande unalo la kumwazima mwenzake.

Hitimisho langu ni hili. Maelekezo ya mapishi ya majira ya mapukutiko ya Kimarekani yana udhaifu: yanaficha asili, yanapamba biashara kwa jina la bibi, na yanasahau mezani wanakaa nani. Lakini yamefanya kazi moja ambayo sisi hatujaifanya, nayo ni kumfikiria mtu atakayekuwa peke yake jikoni siku ambayo hakuna wa kumwuliza. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini mwetu, na sisi tunaojifunza lugha hii tunatafuta la kuandika. Nawashauri wanafunzi wenzangu tuanzie majikoni kwetu, wazee wakiwa bado wapo, tena tuandike kwa vipimo na kwa majina.

Mwezi uliopita nilipika tena, jumapili ya kawaida isiyo na sikukuu. Vipande vilisimama vizima. Bibi alionja, akatafuna taratibu, akasema chumvi imepungua. Nimeandika hilo pembeni mwa karatasi.