Mũrogi wa Kagogo Amefika, na Saini Ninayo

Ninalo! Juzuu la kwanza la riwaya ya Mũrogi wa Kagogo, jipya kabisa kutoka East African Educational Publishers, na kwenye ukurasa wa mwanzo kuna saini ya Ngũgĩ wa Thiong'o kwa mkono wake mwenyewe. Nimelimaliza usiku wa manane hapa Lanet, Nakuru, kwa mwanga wa taa ya mafuta kwa sababu stima ilipotea. Jirani aliposikia ninacheka peke yangu akagonga ukuta kuniuliza kama niko salama. Niko salama zaidi ya salama! Hii ndiyo riwaya ya maajabu tuliyokuwa tunaidai, na ni kubwa kuliko nilivyothubutu kuiota.

Mtu asiyemjua Ngũgĩ atashangaa mbona tunapagawa hivi. Sisi tulingoja miaka 22. Aliondoka Kenya mwaka 1982 na hakurudi hadi mwaka 2004, Rais Moi akiwa ametoka madarakani. Katikati tulibaki na vitabu. Tulikuwa na Caitaani Mũtharabainĩ, aliyoiandika kwenye karatasi za choo akiwa kizuizini katika gereza la Kamĩtĩ. Ilipotoka mwaka 1980 watu waliisoma kwa sauti kwenye baa na ndani ya mabasi. Kisha Matigari, 1986: uvumi ulienea kwamba kuna mtu anazunguka akiuliza habari za ukweli na haki, amri ikatoka akamatwe, kumbe anayetafutwa ni mhusika wa riwaya! Mwaka uliofuata polisi wakazizoa nakala madukani. Yangu niliifunga kwa gazeti nikaizika ndani ya gunia la mahindi. Tangu hapo, hakukuwa na riwaya mpya hadi hii. Miaka 18!

Kwa hiyo niliposikia Ngũgĩ anatua, nilipanda matatu ya alfajiri pale barabarani, mkanda kifuani kama Waziri wa Uchukuzi Michuki alivyotaka wakati huo, nikateremkia Nairobi. Foleni ya kusainiwa vitabu! Wazee wa kofia na bakora, wanafunzi wa chuo ambao hawakuwa wamezaliwa alipoondoka, mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni na vitabu vitatu kwapani. Hakuna aliyenung'unika. Watu wasiojuana walikuwa wakikumbushana kijiji cha Kamĩrĩthũ na mchezo wa kuigiza wa mwaka 1977. Zamu yangu ilipofika, maneno yote niliyoyapanga tangu Gilgil yalinikimbia, nikasema tu, "Karibu nyumbani, Mwalimu." Nikampa kitabu kipya, na chini yake ile Matigari, bado na vumbi la unga kwenye mgongo wake. Akavitia saini vyote viwili.

Na sasa kitabu chenyewe. Ajabu ya kwanza ni kwamba nacho kimejaa foleni! Tuko Aburĩria, nchi ya kubuni. Wapambe wa Mtawala wa nchi hiyo wanataka kumzawadia jengo la kupanda hadi mbinguni, kwa mkopo wa benki ya dunia nzima. Habari za ujenzi zinazaa tamaa ya ajira, na mjini Eldares watu wanaanza kujipanga mbele ya ofisi moja ya mkandarasi. Mstari unarefuka, unapinda, unavuka mitaa, unakuwa kiumbe chenye uhai wake. Nilikuwa nimetoka kusimama kwenye mstari, miguu bado inauma, na nilizisoma kurasa hizo nikihisi nimo ndani.

Mawaziri nao! Machokali amekwenda ng'ambo kupasuliwa ili macho yake yawe makubwa, apate kuwaona maadui wa Mtawala popote walipo. Sikiokuu naye kaongezewa masikio. Niliposoma hapo kwa sauti ndani ya matatu wakati wa kurudi, dereva alizima redio. Tulipofika Naivasha, mzee wa kiti cha nyuma aliomba turudie masikio. Nikarudia.

Lakini moyo wa kitabu ni Kamĩtĩ, kijana mwenye digrii mbili na hana kazi, ambaye roho yake inaweza kuuacha mwili na kuruka kama ndege. Yeye na Nyawĩra wanakimbizwa na polisi usiku, na ili kujiokoa wanatundika mifupa mlangoni pamoja na onyo kwamba hapo anakaa mchawi. Polisi anatoka mbio. Kesho yake anarudi kama mteja, anataka dawa! Hapo ndipo nilipocheka hadi jirani akagonga. Tumezoea kuambiwa kwamba hadithi za mazimwi na uchawi ni za watoto, au ni za Wazungu wenye mazimwi yao ya theluji. Sisi tuliokua tukisimuliwa mizimu ya kreta ya Menengai tunajua sivyo, na Ngũgĩ amelithibitisha hilo kwa Kigĩkũyũ kitamu kinachotaka kusomwa kwa sauti.

Juzuu linakatika palepale damu inapochemka, nami nataka lijalo leo hii. Ukatili aliotendewa Ngũgĩ na mkewe Njeeri usiku wa tarehe 11 Agosti 2004, walipovamiwa mahali walipofikia, ulituumiza sana sisi tuliompokea kwa shangwe. Wasomaji wake tulikuwa nao.

Nina ombi kwa wachapishaji. Caitaani ilitoka 1980, na kufikia 1982 tayari tulikuwa na Shetani Msalabani kwa Kiswahili. Rafiki zangu wa Mombasa, Kisumu na Dar es Salaam hawasomi Kigĩkũyũ, na wananisumbua niwasimulie kitabu kizima kwa simu. Tafadhali, mpeni mfasiri kazi ya kukitafsiri kwa Kiswahili sasa, msingoje!