Sikio la Mtazama Ndege

Mtazama ndege aliyebobea akiingia Arboretum ya Nairobi asubuhi na mapema, darubini huiacha ining'inie kifuani. Kwanza hutulia. Milio imechanganyika, naye huichambua mmoja baada ya mwingine. Mvua zikikaribia, husikika juu mitini sauti tatu zinazoteremka: kekeo mwenye kifua chekundu, ndege ambaye wengi wamemsikia tangu utotoni na hawajamwona hata mara moja. Stadi hapotezi muda kumsaka matawini. Hugeukia vichaka, maana kekeo huyo hutagia katika viota vya wengine, na huko chini huenda kindege chenye mstari mweupe juu ya jicho kinahangaika kumlisha kinda aliyekizidi umbo. Mlio mmoja umemfungulia kisa kizima, na hapo ndipo ufundi ulipo.

Watasema siku hizi simu hutambua mlio kwa sekunde chache. Ni kweli, na humfaa anayeanza. Lakini simu hujibu ilichoulizwa tu. Haishtuki kwamba pembe iliyokuwa na kelele mwaka jana leo imenyamaza. Kushtuka huko ni kwa wanaorudi palepale mara kwa mara. Ndiyo maana matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi ya shirika la Nature Kenya, ambayo mtazama ndege Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971, yana thamani zaidi kuliko kifaa chochote: yamerithisha masikio. Hata Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, pamoja na teknolojia yake, hudai angalau saa mbili za kutazama ili orodha ya ndege ihesabiwe kuwa kamili. Wengine watasema hii ni anasa ya watalii. Basi na wakulima waliomhesabu kekeo kuwa mpiga mbiu wa mvua, nao walikuwa watalii? Darubini ndiyo ngeni na ghali. Kusikiliza tulikuwa nako, tukakuacha.

Gharama ya kuacha inaonekana pwani. Kunguru wa Kihindi aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka. Leo ametamalaki Dar es Salaam na Mombasa, na huvamia viota vya ndege wadogo akila mayai na makinda. Kelele zake kila mtu anazilalamikia; waliobaini nani amenyamaza kwa sababu yake ni wachache mno. Mji unaweza kupoteza ndege wake hivyo, mmoja mmoja, huku wenyeji wakiapa kwamba hakuna kilichobadilika.

Bustani tunazo bado, na milio haijaisha. Wanaopungua ni wa kuitambua. Mzazi mwenye asubuhi moja ya mapumziko ampeleke mwanawe chini ya miti, simu ikae mfukoni, na wasiondoke hadi mtoto ajue kuwataja kwa milio yao angalau ndege watatu wa mtaani kwake.