Kisikilizi Kimoja kwa Vitufe Vingi: Uchambuzi wa Kikokotoo cha Android

Kikokotoo cha kawaida cha simu ya Android huwa na vitufe 10 vya tarakimu na 4 vya matendo ya hesabu, pamoja na vile vya nukta, jawabu na kufuta, na kila kimoja hakina budi kuunganishwa na kisikilizi, yaani kipande cha msimbo kinachongoja kitufe kibofywe ndipo kifanye kazi yake. Anayeanza kuandika programu huita setOnClickListener kwa kila kitufe na kunakili maagizo yale yale, tofauti ikiwa tarakimu tu; ndani ya mistari hiyo inayofanana, 6 iliyosahaulika mahali pa 9 hujificha kwa urahisi, kwa kuwa programu haitoi onyo lolote, bali hesabu ndiyo inayoharibika.

Ufumbuzi wake umo katika jambo ambalo halipewi uzito unaostahili: Android inapokiita kisikilizi hukikabidhi kitufe kilichobofywa. Kwa hiyo, ingawa kitufe kimoja hakishiki visikilizi viwili vya aina hii kwa pamoja, maana cha pili hukiondoa cha kwanza, kisikilizi kimoja chaweza kuhudumia tarakimu zote 10, mradi kila kitufe kibebe thamani yake. Thamani hiyo huandikwa katika android:tag, lebo ya ndani asiyoiona mtumiaji. Kisha kitanzi, yaani maagizo yanayojirudia, hupitia vitufe vya gridi, yaani kisanduku kinachovipanga vitufe kwa safu, na kuvipa vyote kisikilizi kile kile, nacho huisoma lebo kwa getTag. Kusoma maandishi ya usoni mwa kitufe badala ya lebo huonekana kurahisisha kazi, lakini ni kosa la usanifu, kwani kitufe cha kugawanya huonyesha ÷ ilhali msimbo huenda unahitaji /, na kwa msomaji wa Kiarabu 7 yaweza kuandikwa ٧.

Toleo la 1.6 la Android, la mwaka 2009, lilileta android:onClick, ambayo huruhusu jina la fanksheni kutajwa ndani ya faili la mpangilio wa skrini. Msimbo hupungua kweli, lakini herufi moja ikikosewa katika jina hilo, programu yaweza kujengwa na skrini kufunguka vizuri, kisha ikaanguka mikononi mwa mtumiaji anapobofya. Nayo switch ya Java, iliyozoeleka kutenganisha vitufe kwa namba zao za utambulisho, haikubaliki tena katika miradi iliyofuata mpangilio wa kawaida wa toleo la 8.0 la zana ya Gradle ya kujengea programu za Android, la mwaka 2023, kwa sababu namba hizo hazihesabiwi tena kuwa thabiti.

Hata hivyo, vitufe vya jawabu na kufuta vinastahili visikilizi vyao, kwa kuwa kazi yao haifanani na ya tarakimu, na kuviunganisha na kisikilizi cha tarakimu kungekilazimisha kuuliza kila mara kimeitwa na nani. Kitanzi nacho huwafikia watoto wa moja kwa moja wa gridi tu. Kitufe kilichowekwa ndani ya kisanduku kingine hubaki bila kisikilizi, nacho hubofywa pasipo chochote kutokea.