Kushoto au Kulia?

Wapo watu wanaotoa ushauri wa kiti cha ndege kama hakimu asomaye hukumu: "Kaa kushoto!" Ukiwauliza sababu, watakutajia Kilimanjaro. Kwa abiria aendaye Nairobi kutoka Dar es Salaam ushauri huo una maana. Kwa abiria wa Mpanda hauna, kwani mlima huo haumo njiani. Walakini kasoro yake kubwa ni kudhani kwamba mandhari ni mlima tu, na palipo tambarare msafiri ashushe pazia alale.

Tuanze na ndege yenyewe. Dash 8-400, aina ambayo Shirika la Ndege la Tanzania lilianza kuipokea mwaka 2016, bawa lake liko juu ya madirisha. Hivyo asemaye "epuka bawa" anakariri somo la ndege nyingine. Kinachoziba macho hapa ni injini na pangaboi lake na, wakati wa kutua, magurudumu yanayoshuka kutoka tumboni mwa injini hiyo hiyo. Chagua mistari ya mbele kabisa au ya nyuma.

Jua nalo husahauliwa. Mpanda iko nyuzi 6 na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo tangu Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini. Ukielekea magharibi, kaskazini ni kulia kwako. Aliyekaa kushoto haumizwi macho, naye huiona nchi imemulikwa vizuri. Desemba mambo hugeuka, na safari ya kurudi hugeuka tena. (Wale wanachuo wangu waliodai jiografia haina matumizi, natamani wangekaa nami humo.)

Ndege ikipitia Tabora, mbele yake iko nchi ya mto Ugalla, uliopewa hadhi ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2019. Kulia, kwa mbali, ndiko ipitako reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyoletwa na madini ya risasi zama za Mwingereza. Wengi husema hapo pana "pori tu". Mwenye kutazama ataona miombo ilivyokatika, mbuga za nyasi zilivyojipenyeza katikati yake, na mashamba yanavyoongezeka mwaka hadi mwaka. Julai hadi Septemba moshi wa mioto ya nyika huficha mengi. Mimi napenda Mei, mvua zikiwa zimekwisha na hewa imeoshwa.

Karibu na kutua, kushoto kunashinda. Kusini, uelekeo wa Sitalike, ndiko liliko bonde la Katuma, mto unaoinywesha Hifadhi ya Katavi. Kiangazi viboko hurundikana kwenye matope yake, na sehemu ya maji huwa imekwisha kuchepushwa huko juu kwenye mpunga. Tukiwa chini, mkulima huliona jaruba lake na mhifadhi humwona kiboko wake, kisha wakagombana. Angani, siku ya hewa safi, jaruba na mbuga vyaweza kuingia katika dirisha moja. Dakika hizo ndizo abiria wengi huinama kutafuta viatu.