Mkono wa Emily Ulifunzwa na Nta

Emily Kame Kngwarreye alifariki mwaka 1996 akiwa ameacha kanvasi zinazokadiriwa kufikia 3,000, zote za miaka minane hivi ya mwisho ya uhai wake. Habari zake husimuliwa kama muujiza: bibi wa Kiaborijini, mzaliwa wa jangwa la katikati ya Australia mnamo 1910, ashika brashi akikaribia miaka themanini na kuishangaza dunia. Simulizi hiyo inamdhulumu. Kabla ya kanvasi ya kwanza alikuwa fundi wa batiki kwa miaka kumi na moja. Anayetaka kujua alivyochora hana budi kuanzia kwenye hariri.

Batiki iliingia Utopia, kwao Emily, takriban kilomita 250 kaskazini-mashariki ya Alice Springs, mwaka 1977 kupitia masomo ya watu wazima. Mwalimu Jenny Green aliwaalika Suzie Bryce na Yipati, msanii kutoka Ernabella, ambako wanawake walikuwa wakiitengeneza tangu mwaka 1971. Kazi za mwanzo zilikuwa za kuvaa, kama fulana na sketi, hariri ikafuata. Mwaka 1978 wanawake wakaunda kikundi chao, Emily akiwamo. Vitambaa vyao vikamvutia hata mbunifu wa mavazi Linda Jackson, aliyeshirikiana nao na kushona mavazi kwa hariri yao.

Kwao, mchoro kukaa mwilini halikuwa jambo geni. Tangu ujana wake Emily alikuwa akishiriki awelye, sherehe za wanawake ambamo kifua na mabega hupakwa mafuta, kisha huchorwa mistari ya ngeu na udongo mweupe. Mkono uliozoea ngozi yenye mabonde na miinuko, ya mtu anayepumua, ndio uliokabidhiwa kitambaa.

Nta nayo ina masharti yake, na fundi yeyote wa batiki wa Dar es Salaam au Nairobi anayajua. Kwanza, hufanyi kazi kwa kufuata macho. Kitakachobaki cheupe ndicho kinachozibwa mwanzo. Kitambaa kinachovywa katika rangi ya njano, unaziba tena kile unachotaka kibaki njano, unachovya nyekundu, na hivyo hivyo hadi rangi nzito kuliko zote. Fundi huanzia mwisho wa picha akirudi nyuma, na picha nzima lazima iwe kichwani mwake kabla ya moto kuwashwa. Pili, nta hupoa haraka. Kalamu ya nta ikisita, tone linadondoka na kutanuka. Ikichelewa, nta inagandia juu ya uzi na rangi inapenya chini yake. Mstari lazima uende bila kusimama. Tatu, hakuna kufuta. Tone lililodondoka pasipotakiwa unalipokea na kulifanya sehemu ya mchoro.

Batiki za Emily zinaonyesha alivyogeuza masharti hayo kuwa lugha. Vitone vyake havikufuata safu. Vimemiminwa kwa wingi juu ya hariri, vikubwa kwa vidogo, na katikati yake mistari inajipinda kama mizizi ya kiazi cha porini, mmea wa nchi yake ya Alhalkere. Hariri iliyonyweshwa nta vizuri haina nje wala ndani, mchoro huonekana pande zote mbili.

Katika msimu wa joto wa 1988–89 wanawake wa Utopia waligawiwa kanvasi ndogo na rangi chache za akriliki. Emily alichora *Emu Woman*, na tangu hapo akaiacha batiki. Mwenyewe alieleza sababu waziwazi: kuchemsha maji, kukoka moto, kusugua kwa sabuni na kufua kulimchosha, na macho yalikuwa yanapungua nguvu.

Kanvasi ilimpa kitu ambacho nta ilimnyima: uwezo wa kufunika. Katika batiki kila tabaka hubaki wazi lilivyo. Kwenye akriliki aliweza kuchora mistari ya mwilini au ya mizizi, kisha akaipandia vitone mpaka ikabaki ikichungulia kwa chini. Ndivyo *Emu Woman* ilivyojengwa, na michoro mingi ya miaka miwili mitatu iliyofuata.

Lakini mazoea ya nta hayakumtoka. Tazama *Big Yam Dreaming* ya mwaka 1995, iliyoko National Gallery of Victoria, Melbourne. Ina urefu wa mita nane na kimo cha karibu mita tatu. Uwanja ni mweusi, na juu yake mstari mweupe unatangatanga, unakatana na kuungana tena, bila rangi nyingine yoyote. Aliikamilisha kwa siku mbili, akiwa ameketi juu ya kanvasi iliyotandazwa chini, bila kuchora rasimu wala kusahihisha. Kwa macho yangu, hii ni batiki ya mchovyo mmoja: mistari ya nta juu ya kitambaa cheupe, kisha rangi nyeusi. Mpangilio wa kazi umegeuzwa, kwa kuwa hapa cheupe kilikuja mwisho, lakini uamuzi ni ule ule: mstari usiosita, usiofutwa, unaojua unakoelekea kabla ya kuanza.

Kwa sababu hiyo, maonyesho yanayotundika kanvasi zake peke yake yanamnyima mtazamaji nusu ya hoja. National Gallery of Victoria ilizipa batiki za jangwani maonyesho yao mwaka 2008, na Tate Modern ya London mwaka 2025 iliziweka hariri zake pamoja na kanvasi. Huo ndio mwelekeo sahihi, na hariri hizo zitundikwe mbali na ukuta ili watu wazizunguke na kuona pande zote mbili. Wahakiki wa sanaa wameandika mengi kuhusu Emily. Mafundi wa batiki, wakiwamo wa kwetu wanaoijua nta kwa vidole vyao, bado wana mengi ya kueleza juu ya mistari hiyo, na wanastahili kuulizwa.