Alikuwa Mzungu Kweli

Tulipokwisha kumzika baba yangu, watu walirudi nyumbani wakaketi mikekani, na kama ilivyo ada, kila aliyemjua marehemu akataja wema wake. Mzee mmoja aliyefanya naye kazi relini miaka mingi alisema: "Marehemu hakujua kuchelewa. Akikwambia saa mbili, ni saa mbili. Yule alikuwa Mzungu kweli." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nami nilitikisa changu.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilijiuliza: baba yangu, aliyezaliwa Tanga, akaishi Tanga na akazikwa Tanga, Uzungu huo aliutoa wapi? Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Aliutoa kwa mama yake. Bibi yangu alikuwa mpika vitumbua. Wateja wake walikuwa wavuvi, na wavuvi hushuka pwani kwa kufuata maji. Bibi hakuwa na saa ya ukutani, lakini alijua usiku gani maji yanajaa wakati gani, na alijua kwamba akichelewa kidogo tu ngalawa zitakuwa zimekwisha kwenda, na vitumbua vitamdodea. Baba, akiwa mtoto, ndiye aliyechochea moto na kubeba sinia gizani. Kushika wakati kwake kulianzia mekoni. Kwa neno moja tu la sifa, bibi yangu alinyang'anywa kazi yake ya malezi, akapewa Mzungu ambaye hata jina lake hatulijui.

Huenda msomaji akaona kwamba nakuza jambo dogo. Basi na tuyasikilize maneno yetu kwa siku moja tu. Mtu akiwahi mkutanoni, ni Mzungu. Akichelewa, anafuata saa za Kiafrika. Akihesabu senti zake, ana roho ya Kihindi. Akimfungia mkewe ndani, ana wivu wa Kiarabu. Akiahidi asitimize, ana Uswahili mwingi. Na tukishindwa jambo sote pamoja, tunapumua na kusema: Waafrika ndivyo tulivyo. Tabia nzuri na mbaya tumezigawa kwa rangi za watu kama mtu agawavyo nyama, na fungu la aibu tumejitengea wenyewe.

Wapo watakaosema huu ni utani. Hasha. Utani tunaujua, na una sheria zake. Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana kwa zamu: leo wewe wanicheka, kesho nakucheka. Tena mtani ana wajibu. Msiba ukitokea ndiye anayekuja kuhudumu, na mzaha wake huwapunguzia wafiwa uzito. Lakini Mhindi anayesemwa sokoni hayupo pale kujibu, na anayemsema hana wajibu wowote kwake. Huo si utani. Ni hukumu iliyotolewa mshitakiwa asipokuwapo.

Na hukumu hizi nyingi zilitanguliwa na amri za watawala. Chukua neno Uswahilini. Wakati wa ukoloni Dar es Salaam iligawanywa kanda tatu: ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika. Oysterbay ilikuwa na nyumba zilizoachana na bustani pana; Kariakoo ilikuwa ya Waafrika, nyumba zimesongamana na huduma ni chache. Ndipo watu wakawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Sasa, mahali pasipochimbwa mifereji, maji machafu yatasimama. Mahali ambapo familia nne zinakaa nyumba moja, ugomvi wa mmoja utasikiwa na wote. Haya ni matokeo ya ramani. Lakini miaka ilipopita ramani ikasahauliwa, likabaki neno, na neno likageuka kuwa tabia. Leo mzazi humkaripia mwanawe anayepiga kelele: "Acha mambo ya Uswahilini!" Kosa la aliyechora mji limehamia katika damu ya waliokaa humo.

Au chukua usemi kwamba Mhindi amezaliwa na duka moyoni, hajui jembe. Mwaka 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliandika kwamba Wahindi wasipewe mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Ardhi ile iliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Mtu anapofungiwa mlango wa shamba, akaachiwa ule wa duka, tutashangaa kumkuta dukani? Tunamwona nyuma ya kaunta, tunasema ndiyo asili yake.

Hatari ya maneno haya huonekana siku yanapopata nguvu ya dola. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 wawe wameondoka nchini. Hakuhitaji kuthibitisha kosa la mtu mmoja mmoja, kwa sababu ilikuwa imekwisha semwa miaka mingi kwamba wote ni wanyonyaji. Neno lilikuwa limekwisha fanya kazi ya hakimu.

Nisijifanye msafi. Mtaani kwetu palikuwa na duka la Mhindi mmoja. Miezi ya shida alimwandikia baba deni daftarini bila kumfedhehesha, na siku ya msiba alileta gunia la mchele akaketi mkekani na wazee. Alipoondoka nilimwambia ndugu yangu, kwa nia njema kabisa: "Huyu si kama Wahindi wengine." Angalia nilivyofanya. Baba yangu alikuwa mwadilifu, basi akatolewa katika Uafrika akafanywa Mzungu. Mwenye duka alikuwa mkarimu, nami nikamtoa katika Uhindi wake. Hivyo ndivyo maneno haya yanavyodumu. Mtu akiyathibitisha, tunasema tuliwaambia. Akiyakanusha, tunamhesabu kuwa si mwenzao. Hapana mwenendo wowote, mwema au mbaya, unaoweza kuyashinda.

Tena maneno haya yanawafaa waovu. Mhasibu akila fedha za kisima cha kijiji, nasi tukasema Waafrika ndivyo tulivyo, tumemfichia jina lake. Wizi wake tumeugawa kwa mamilioni ya watu, kila mmoja akabeba chembe isiyoonekana, naye akaenda zake. Mwizi yule ana jina, ana sahihi yake kwenye vitabu vya hesabu, na palikuwa na kamati iliyopaswa kumkagua isimkague. Huko ndiko kwa kuuliza.

Sisemi tuanze kupekua kila neno tulitupe. Ustaarabu, neno tunalolipenda, asili yake ni kujifanya au kuwa kama Mwarabu; lakini leo mtu akimwita jirani yake mstaarabu hamfikirii Mwarabu yeyote. Neno huweza kuisahau asili yake. Lakini Mzungu katika kinywa cha yule mzee halikuwa limesahau kitu. Ninachoomba ni kidogo: tukitaka kumsifu mtu kwa kuwahi, tuseme aliwahi. Tukitaka kumlaumu kwa wizi, tuseme aliiba. Kiswahili hakina upungufu wa maneno hayo.

Siku ya arobaini ya baba tulikusanyika tena. Baada ya dua niliomba ruhusa, nikaeleza habari za bibi, moto wake wa usiku na sinia alilobeba baba gizani. Sikumtaja mtu wala sikukosoa neno la mtu. Yule mzee wa relini alinisikiliza, mkono shavuni, kisha akacheka taratibu.

"Vitumbua vile nimevila sana utotoni," akasema. "Na kweli, havikuchelewa hata siku moja."